Kigimbi kinachokaza kila ukitembea: mwongozo kamili wa ateri za miguu zilizosinyaa

Mtu anapanda daraja la waenda kwa miguu pale Manzese. Ngazi za kwanza hana shida. Akifika katikati, kigimbi kinakaza kama kimefungwa kamba, inabidi ashike bomba la pembeni asimame. Dakika tatu nne baadaye maumivu yamekwisha, anaendelea na safari. Kesho yake, pale pale, yanarudi. Nyumbani ataambiwa ni uzee, ni baridi yabisi, ni gesi, na jioni atawekewa beseni la maji ya moto na chumvi akandwe.

Maumivu yanayoletwa na kutembea na kuondolewa na kusimama yana tabia yake, na yeyote anayeyasikia anastahili kupimwa ateri za miguu. Mwongozo huu ni wake, na wa ndugu wanaomhudumia.

Kinachotokea ndani ya mguu

Ateri ni mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Sigara, kisukari, presha ya juu na mafuta mengi kwenye damu huchubua ngozi laini ya ndani ya mshipa. Palipochubuka mafuta hujipenyeza, kisha chokaa, na njia inapungua mwaka baada ya mwaka. Wanaotumia maji ya kisima cha chumvi hapa Dar es Salaam wanaijua picha hii: fundi akikata bomba la zamani, kwa nje ni zima, ndani ukoko umeacha tundu la kupitisha penseli.

Ukiwa umekaa, msuli unahitaji damu kidogo, na hata mshipa uliosinyaa unaitosheleza. Ukianza kutembea, mahitaji ya msuli hupanda mara kumi na zaidi. Damu haiongezeki kwa kiasi hicho, msuli unakosa oksijeni, unauma. Ukisimama mahitaji yanashuka, maumivu yanaisha. Ndiyo maana umbali huwa karibu ule ule kila siku, na hupungua ukipanda mlima, ukibeba mzigo au ukitembea kwenye mchanga.

Mahali panapouma panaonyesha palipoziba, kwa sababu msuli unaolia huwa chini ya kizuizi. Kigimbi kikiuma, tatizo mara nyingi liko kwenye ateri ya paja au ya nyuma ya goti. Yakiuma matako na mapaja, tazama juu zaidi, kwenye ateri za nyonga. Mwanaume mwenye maumivu ya matako akitembea na ambaye pia nguvu za kiume zimepungua amweleze daktari yote mawili bila haya, maana huenda chanzo ni kimoja.

Jambo moja wagonjwa wengi hawaambiwi: mafuta hayachagui mguu peke yake. Mwenye ateri za miguu zilizosinyaa ana hatari kubwa ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na hayo mawili huua wagonjwa wengi kuliko wanaopoteza mguu. Mguu ndio umetangulia kutoa taarifa.

Kutofautisha na maumivu mengine

Ganzi ya kisukari huwaka moto, huchoma kama sindano, huanzia vidoleni na huzidi usiku hata kama siku nzima hukutembea. Mgongo uliobana neva nao huleta maumivu ya kutembea, ila kusimama tu hakuyaondoi: mpaka ukae au uiname mbele, kama anayesukuma toroli. Vena mbovu, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, huufanya mguu uwe mzito na uvimbe jioni, na ukiuinua juu ya mto unapata nafuu. Goti au nyonga iliyolika huuma kuanzia hatua ya kwanza, na siku mbaya huuma hata ukiwa umekaa. Mkakamao wa usiku unaokuamsha na kuisha ukinyoosha kigimbi, kwa kawaida si wa ateri.

Mtu mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kati ya hayo. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na ateri zilizoziba vibaya asisikie maumivu yoyote akitembea, kwa kuwa neva zimeshakufa ganzi. Huyo ataanza na kidonda. Mwenye kisukari, hata asiyeumwa, achunguzwe miguu angalau mara moja kwa mwaka.

Kujichunguza nyumbani

Chagua asubuhi, mahali penye mwanga wa dirishani. Lala chali dakika tano kwanza.

1. Linganisha joto. Pitisha mgongo wa kiganja chako kutoka goti hadi vidoleni, mguu mmoja kisha wa pili. Miguu yote kuwa baridi kidogo baada ya kuoga ni kawaida. Mguu mmoja baridi kuliko mwenzake, na mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole, si kawaida.

2. Tazama ngozi. Vinyweleo vilivyopotea muundini, ngozi nyembamba inayong'aa, kucha nene zinazokua polepole na kigimbi kilichokonda ni dalili za lishe ndogo ya damu. Zikiwa upande mmoja zaidi, zina uzito zaidi.

3. Tafuta mapigo juu ya unyayo. Inua kidole gumba cha mguu, utaona ukano unaosimama. Weka ncha za vidole viwili upande wa nje wa ukano huo, katikati ya mgongo wa unyayo. Gusa kwa wepesi. Kosa la karibu kila anayejaribu mara ya kwanza ni kukandamiza: ateri inafungwa na kidole chako mwenyewe, halafu unasema hakuna mapigo. Usitumie dole gumba la mkono, lina mapigo yake yatakayokudanganya.

4. Tafuta ya pili nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, katikati ya mfupa huo na ukano wa kisigino. Watu wachache wazima wa afya hawana mapigo ya juu ya unyayo tangu kuzaliwa, lakini ya nyuma ya kifundo wanayo. Ukiyakosa yote mawili kwenye mguu mmoja, nenda kapime.

5. Bonyeza nyama ya ncha ya kidole gumba cha mguu kwa sekunde tano, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hadi tatu. Kwa ngozi nyeusi tazama chini ya kucha na kwenye unyayo, si juu ya mguu.

6. Inua miguu yote miwili kiasi cha nusu ya kusimama wima, mtu akushikie visigino, dakika moja au mbili. Unyayo unaopauka wakati mwenzake umebaki na rangi yake unaeleza mengi. Kaa kitandani, ning'iniza miguu. Mguu wenye shida huchelewa kurudisha rangi, kisha huwa mwekundu au mweusi wa zambarau kuliko mwingine.

Kupata mapigo hakukuondolei ugonjwa. Ateri iliyosinyaa kiasi bado hupiga ukiwa umelala. Kama hadithi yako ya kutembea na kusimama ni ile tuliyoeleza pale juu, nenda hata kama mapigo umeyapata.

Kipimo cha kifundo na mkono

Hiki ndicho kipimo cha kuanzia, hakina sindano wala maumivu. Kinahitaji mashine ya presha na kifaa kidogo cha Dopla kinachosikilizisha mtiririko wa damu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo jirani, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, na uliza kama Dopla ipo au utaandikiwa rufaa. Rufaa za mishipa na moyo huelekea Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo eneo hilo hilo la Upanga. Usivute sigara wala kunywa kahawa kabla ya kupima, na vaa nguo inayokunjika hadi gotini.

Utalala kama dakika kumi. Namba ya juu ya presha hupimwa mikono yote miwili, kisha mkanda hufungwa juu kidogo ya kifundo na kupimwa ateri mbili za kila mguu. Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya: chukua namba kubwa ya mguu, igawanye kwa namba kubwa ya mikono. Tuseme mkono wa kulia ni 140 na wa kushoto 136. Mguu wa kulia umetoa 92 na 98, wa kushoto 127 na 133. Kulia: 98 kwa 140 ni 0.70. Kushoto: 133 kwa 140 ni 0.95.

Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida. Kati ya 0.91 na 0.99 ni mpakani. 0.90 kushuka chini ugonjwa upo, na chini ya 0.40 ni mkali. Huyo wa mfano mguu wa kulia unaumwa, wa kushoto uko mpakani.

Ikizidi 1.40 usishangilie. Maana yake ateri zimekuwa ngumu kwa chokaa kiasi kwamba mkanda hauwezi kuzibana, hali inayowapata zaidi wenye kisukari na wenye figo mbovu. Hapo namba ya kifundo haifai tena, inapimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Na kama namba ni ya kawaida lakini dalili zako ni za wazi, omba kipimo kirudiwe mara tu baada ya kutembea mpaka mguu uume, maana kuna ateri zinazosema ukweli zikifanyishwa kazi tu.

Ultrasaundi ya mishipa na picha ya CT huja baadaye, hasa pale upasuaji unapofikiriwa. Vipimo vya kuambatana ni sukari, mafuta kwenye damu, kazi ya figo, wingi wa damu na kipimo cha umeme wa moyo.

Kutembea kwenyewe ni tiba

Mgonjwa anayeumwa akitembea huacha kutembea, na hapo ndipo anapojimaliza. Kutembea kwa mpangilio huufundisha msuli kutumia vizuri damu kidogo inayofika na huamsha mishipa midogo ya pembeni. Wengi huongeza umbali wao sana ndani ya miezi mitatu. Sharti ni mpangilio.

Tafuta njia tambarare, ngumu, isiyo na mchanga, yenye mahali pa kukaa. Barabara ya ufukweni kuanzia Feri kuelekea Ocean Road inafaa, vivyo hivyo Daraja la Tanzanite lenye njia ya waenda kwa miguu. Kama uko Mbagala au Kimara, uwanja wa shule unatosha. Toka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya kufunga na soksi, si kandambili.

Yapime maumivu kwa namba: 1 ni kuanza kusikia, 5 ni kushindwa kabisa. Tembea kwa mwendo utakaokufikisha 3 au 4 ndani ya dakika tatu hadi tano. Simama au kaa mpaka maumivu yaishe yote, yasibaki hata kidogo. Anza tena. Wiki ya kwanza jumla ya dakika 15 hadi 20 za kutembea zinatosha. Ongeza kama dakika tano kila wiki ufike 30, kisha 45. Fanya siku tatu kwa wiki au zaidi, wiki 12 bila kukatisha. Ukiona unamaliza dakika nane bila kufika 3, ongeza mwendo.

Makosa mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kusimama pale pale maumivu yanapoanza, msuli haujapata somo lolote. La pili ni kulazimisha hadi 5, mguu ukachukua nusu saa kupoa na kesho ukaogopa kutoka. Andika kwenye daftari umbali wa maumivu ya kwanza, hata kwa kuhesabu nguzo za umeme. Nguzo sita zikiwa kumi baada ya mwezi, utaendelea mwenyewe bila kusukumwa.

Kifua kikibana, pumzi ikikata au kichwa kikizunguka, acha na umwone daktari. Mwenye kidonda mguuni au maumivu ya usiku asianze zoezi kabla ya kuchunguzwa.

Sigara, vidonge na chakula

Anayevuta ana kazi moja iliyo juu ya nyingine zote. Sigara hubana mishipa, hugandisha damu na hufanya upasuaji uliofanikiwa uzibe upya. Kupunguza kutoka kumi kwenda tatu hakutoshi, na shisha nayo ni tumbaku. Mwombe daktari msaada wa dawa za kuachia, usitegemee moyo mgumu peke yake.

Vidonge vinavyoandikwa mara nyingi ni vya aina tatu. Kwanza cha kuzuia damu kuganda: aspirini ya 75 hadi 100 mg, au klopidogreli 75 mg kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo aseme mapema. Pili, statini, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, kwa mfano atovastatini 40 hadi 80 mg, ambayo hupewa hata asiye na mafuta mengi kwa sababu hutuliza ukoko ulio kwenye mshipa usipasuke. Tatu, vya presha na kisukari. Silostazoli husaidia baadhi ya watu kutembea mbali zaidi, lakini ni marufuku kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi.

Hivi si dozi ya malaria inayomalizika siku ya tatu. Karatasi ya mwezi ikiisha unanunua nyingine. Na yule anayekwenda duka la dawa kila wiki kuchukua diklofenaki ya miguu ajue kwamba haifungui mshipa, huku inapandisha presha na kuumiza figo.

Kwenye chakula, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na iliyo ndani ya mchuzi. Chipsi za kila jioni ziwe za mara moja moja. Maharage, mchicha, samaki wa kuchemsha na dona viongezeke.

Nyayo zitazamwe kila jioni

Kidonda kidogo kwenye mguu usio na damu ya kutosha ndicho kinachogeuka donda ndugu. Damu iliyotosha kuiweka ngozi hai haitoshi kuiponya ikichanika. Kwa hiyo kila jioni tazama juu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, weka kioo sakafuni au mwombe mjukuu.

Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, si kwa mguu. Kausha katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu, maana joto la Dar hufuga fangasi hapo na fangasi hupasua ngozi. Paka mafuta miguuni na visiginoni, usipake katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe, kisha zipigwe msasa kidogo. Vijana wanaopita mitaani na vibeseni vyao kuosha miguu na kukata kucha wanafanya kazi nzuri kwa watu wengine. Wewe usiwape mguu wako: wembe unaopunguza ngozi ngumu na kifaa kilichotoka kwa mteja mwingine ni njia fupi ya kuingia wodini.

Usitembee peku hata ndani. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kiatu kipya kinunuliwe alasiri, mguu ukiwa umejaa, na wiki ya kwanza kivaliwe saa moja moja. Mchanga wa Coco Beach saa saba mchana umeshaunguza nyayo za watu wenye ganzi wasijue mpaka malengelenge yametoka.

Sasa lile beseni. Maji ya moto hayafungui ateri. Mguu wenye damu ndogo na hisia hafifu huungua kwenye joto ambalo mkono wa mkandaji unalistahimili. Hijama na chanjo za wembe miguuni huacha majeraha yasiyopona. Soksi za kubana, zinazouzwa sana kwa miguu iliyovimba, huweza kuizima damu iliyobaki. Zisivaliwe kabla ya kupima kifundo na mkono.

Dalili za kukimbia hospitali

Maumivu ya vidole au unyayo yanayokuamsha usiku, na ukiuning'iniza mguu nje ya kitanda unapata nafuu, ni hatua mbaya. Vivyo hivyo kidonda kisichoonyesha kupona kwa wiki mbili, au kidole kinachoanza kuwa cheusi. Nenda siku hiyo au kesho yake, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, umepauka, unauma sana, unakufa ganzi au hautii ukiuamrisha, damu iliyoganda imeziba mshipa. Msuli huanza kufa ndani ya kama saa sita. Hata ikiwa saa nane usiku, chukua bajaji, teksi, gari la jirani, chochote. Usikande, usichue, usiweke maji ya moto, usiuinue mguu. Uache ulale chini kidogo ya usawa wa moyo. Mwambie daktari saa kamili ilipoanza, na kama umewahi kuambiwa mapigo ya moyo hayaendi sawa, maana bonge la damu huweza kutoka huko.

Puto, baipasi, na swali la kuuliza kabla ya kukatwa

Mwenye maumivu ya kutembea tu, mara nyingi haendi kwenye upasuaji kabla ya kujaribu mazoezi na dawa. Mshipa ukizidiwa kuna njia mbili. Ya kwanza hupitisha mrija mwembamba kutokea kinena, puto likapanua palipobana, wakati mwingine wakaacha stenti, kimrija cha wavu wa chuma, ya kushikilia. Ya pili ni baipasi: mshipa wa vena hutolewa mguuni na kuunganishwa upitishe damu pembeni ya palipoziba. Puto ni jepesi kwa mwili lakini pengine hubana tena. Baipasi ni operesheni kubwa, na ikishonwa kwa vena nzuri hudumu.

Kuna hali ambapo kukata ndiko kunakookoa maisha, kama uozo unaosambaa na homa kali. Nje ya dharura hiyo, ndugu waulize kabla ya kutia sahihi: je, mishipa ya mguu huu imepigwa picha, na kuna daktari wa mishipa aliyeiona? Kidole kikikatwa bila kurudisha damu, jeraha la kukatwa nalo halitapona, na utaitwa tena kukata juu zaidi. Uliza pia mguu wa pili umepimwa lini. Baada ya operesheni ndio utakaobeba uzito wote, na ateri zake zimeishi kwenye mwili ule ule, kwa hiyo upimwe kifundo na mkono kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani.